Je, wajua kwa nini tuta la barabarani mbele ya shule ni suala la afya?

Lami mpya ikifika mtaani, wenye magari wanawahi kazini, lakini hatari ya mwendo wao inamwangukia mtoto anayekwenda shule kwa miguu pembezoni mwa barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu. Dar es Salaam watoto wa namna hiyo ni wengi. Mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, unaofanya barabara za karibu na shule ziwe salama na uliopata tuzo ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI (World Resources Institute) mwaka 2019, huanza kwa kuhesabu wanafunzi waliogongwa, kisha shule zenye majeruhi wengi ndizo hutengenezewa barabara kwanza. Huo ndio usawa: fedha ziende penye maumivu, hata kama wazazi wa pale hawana wa kuwasemea.

Kwa nini kasi ndiyo hulengwa? Tuseme mtoto amechomoza mita 20 mbele ya gari, lami ikiwa kavu. Dereva aliye kwenye kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya mita 13 hivi. Wa kilomita 50 humaliza mita 14 kabla hata mguu haujakanyaga breki, na humfikia mtoto akiwa bado na karibu kilomita 40 kwa saa.

Kibao cha kikomo cha mwendo peke yake hakipunguzi mwendo. Tuta hupunguza, likijengwa sawasawa: la mviringo liwe na urefu wa mita 3.7 kufuata barabara na kimo cha sentimita 10. Likiwa fupi na kali, ambulensi na daladala huumia, na madereva hulikwepa kwa kupanda njia ya miguu, hivyo panahitajika nguzo kando. (Nguzo huzuia magari, bodaboda bado hupenya.) Lisizibe mtaro pia, maana maji yakituama watoto hurudi barabarani.

Mistari ya pundamilia ichorwe pale watoto wanapovukia kweli, hasa juu ya tuta bapa, yaani lenye mgongo tambarare. Lango la shule likifungukia barabara kuu, mara nyingi dawa bora ni kulihamishia uchochoroni.

Rangi ya tuta nayo itengewe bajeti kila mwaka. Ikifutika, mgeni wa njia hulivaa tuta usiku bila kuliona, na wa kwanza kurushwa ni abiria wa bodaboda.