Alfajiri ya kuogelea huanza usiku uliotangulia

"Kocha, ari imeniisha." Nikiambiwa hivyo na muogeleaji, huwa namuuliza kwanza: jana ulilala saa ngapi?

Miaka yote niliyosimama ukingoni mwa bwawa, sijaona anayeamka saa 11 alfajiri kwa furaha. Mwili wenyewe haujawa tayari. Joto la mwili hushuka usiku na kufika chini kabisa takriban saa mbili kabla ya muda uliozoea kuamka. Kwa hiyo aliyezoea kuamka saa 1 asubuhi, ukimwamsha saa 11 unamkuta palepale chini. Ongeza ule uzito wa kichwa wa baada ya kuamka, ambao huchukua nusu saa hivi kuisha. Vijana ndio huumia zaidi, kwa sababu katika umri wao usingizi huchelewa kuwafika, ilhali wanahitaji saa 8 hadi 10. Wazazi, nawasihi, msiwaite wavivu. Zimeni taa mapema.

Ndiyo maana nawakataza waogeleaji wangu kufanya uamuzi wowote kengele inapolia. Saa hiyo akili inatafuta kisingizio, na itakipata. Amua jana yake: mkoba mlangoni, miwani na kofia ndani yake, simu yenye kengele mbali na kitanda ili ulazimike kusimama. Kisha jipangie jambo moja tu: nikisikia kengele, nawasha taa. Mwanga huuambia ubongo kuwa kumekucha.

Hapo bado kuna maji. Bwawa la mashindano huwa na nyuzijoto 25 hadi 28, ambazo hewani ni raha tupu, lakini maji hunyonya joto la mwili haraka mno kuliko hewa. Nilikuwa na binti mmoja aliyekuwa akikaa ukingoni kila asubuhi, miwani kwenye paji la uso, vidole vya mguu vikigusa maji na kurudi, vikigusa na kurudi. Dakika tano nzima, mabega yamepanda hadi masikioni. Nikamwambia, "Mwanangu, usiyapime. Ingia, ogelea mita 200 polepole, halafu ukitaka kutoka nitakupa taulo mwenyewe." Akaingia. Alipomaliza alishika ukuta, akahema, akauliza zoezi linalofuata ni lipi. Baridi ile huuma zaidi ukiwa umekaa. Misuli ikishaanza kazi hutengeneza joto lake yenyewe.

Wapo wanaoniuliza kwa nini tusifanye yote jioni. Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, fainali za kuogelea ziliwekwa asubuhi, na muogeleaji wa Marekani, Michael Phelps, akaondoka na dhahabu 8. Mwili unaoujua mwendo wa kasi jioni tu ungepata shida pale.

Ila uchovu usioisha wiki baada ya wiki, mapigo ya moyo yaliyo juu kuliko kawaida hata ukiwa umepumzika, au homa, hayo si mambo ya ari. Baki kitandani na unijulishe.

Na mtafute mwenzako wa njia moja. Yule binti sasa humtumia rafiki yake ujumbe kila usiku: "Nakusubiri getini." Tangu waanze kungojana, sijamwona tena akikaa ukingoni.