Je, wajua mwenye baa aliyejitengenezea pesa zake mwenyewe?

Ukinunua nyanya pale Kadutu, Bukavu, na muuzaji akakosa franka za kukurudishia, anakusukumia bonboni mbili. "Chukua hizi, baba, mone hakuna." Unacheka, unatia mfukoni. Kesho yake mlipe mwendesha pikipiki kwa bonboni hizohizo uone.

Mwaka 1862 wenye maduka wa Marekani walikwama hivyo hivyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza Aprili 1861, na kufika mwisho wa Desemba mabenki yakaacha kubadilisha noti kwa dhahabu. Watu wakaficha dhahabu, wakaficha fedha, mwisho hata senti moja moja. Wengine wakalipana kwa stempu za posta, lakini jasho la mfukoni likazigandisha. Bwana mmoja, John Gault, akabuni kijaluba cha duara cha kuzifungia, chenye kifuniko cha madini angavu na tangazo la biashara mgongoni.

Wenye maduka wakaona mafundi wa mihuri wapo, shaba ipo, ya nini kusubiri? Wakachongesha vipande vya ukubwa wa senti: upande mmoja jina la duka na mtaa, upande wa pili bendera au kichwa cha mtu. Vingine viliandikwa kwa Kiingereza "SI SENTI MOJA", ila hilo "SI" dogo mno, ulisake kwa macho makali. Ujanja huo nausifu. Kukichonga kipande kuligharimu chini ya senti, kwa hiyo kila kilichotoka dukani kiliacha faida. Hukadiriwa kwamba vilichongwa takriban milioni 25.

Gustavus Lindenmueller, mwenye baa New York, peke yake alitoa zaidi ya milioni moja. Vikasambaa hadi kwenye tramu za farasi za Third Avenue, abiria wakalipia nauli. Kampuni ilipoona vimejaa, ikavikusanya ikampelekea: tupe pesa halali. Akakataa. Sheria ya kumbana haikuwepo.

Tarehe 22 Aprili 1864 Bunge likaleta senti mpya ya shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, na likapiga marufuku watu binafsi kuchonga senti zao. Vipande vya Lindenmueller bado vinaonekana kwa wakusanyaji: upande mmoja sura yake yenye ndevu, upande wa pili kikombe cha bia.