Uvuli na Kivuli Chini ya Mwembe

Juzi nilimsikia muuza miche wa kando ya barabara akimhakikishia mteja kwamba mche fulani "ni wa kivuli", naye mteja akaununua ili azibe pengo lililo chini ya mwembe wake. Nimeyasikia mauzo ya namna hiyo mara nyingi mno.

Alichokuwa akitafuta mteja huyo ni mmea mwenza, yaani, kwa ufupi, ule unaopandwa jirani na mwingine kwa sababu hainyang'anyani mwanga, maji wala nafasi ya mizizi. Hapo hapana utata. Utata umo katika hicho kivuli.

Shina la neno ni -vuli, ambalo limo pia katika mwavuli. Kiambishi ki- hulipa umbo la kitu: kivuli ni kiza chenye sura ya kile kilichozuia mwanga, kina wingi wake, vivuli, nacho humfuata mwenyewe kokote aendako, na ndiyo maana tuna waziri kivuli na nakala kivuli, wala sijamsikia mtu akiomba nakala uvuli. Kiambishi u- hutaja hali, kama katika utoto na ujana, kwa hiyo uvuli ni hali ya mahali kutofikiwa na jua. Najua nitarushiwa methali ya mchumia juani hulia kivulini, na ninakiri kwamba katika mazungumzo maneno haya hupokezana zamu tangu zamani. Lakini huyo anayekula kivulini, jua likimfikia, huvuta mkeka wake akasogea. Mche hauna mkeka.

Chukua nyumba ya Tanga yenye ukuta uliojengwa kutoka mashariki kwenda magharibi. Mwezi wa Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, hivyo tuta lililo kusini mwa ukuta hupata kivuli. Ifikapo Desemba jua limehamia kusini, na tuta lile lile linachomwa. Ukipanda kangaga hapo Juni, Desemba utakuta majani yameungua, nawe utamlaumu muuzaji, ilhali ukuta ndio uliokuazima kivuli kwa muda.

Chini ya mwembe mambo ni mengine. Mwembe haupukutishi majani yote kwa pamoja, kwa hiyo uvuli wake ni mzito mwaka mzima, na mizizi yake hunywa maji kabla ya jirani yeyote. Magimbi, ambayo wengi huyahesabu kuwa ya kivulini, hudumaa hapo yasipomwagiliwa, kwa kuwa yanataka unyevu kuliko yanavyotaka kukingwa na jua. Kroton huishi, ila rangi zake hufifia na kubaki kijani kitupu. Masale, yale ambayo Wachaga huyapanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, huvumilia zaidi. Chini ya minazi uvuli ni mwepesi, miale hupenya kati ya makuti, na hapo tangawizi na manjano hukaa bila taabu.

Uvuli nao, basi, una aina zake. Iliki ya Amani, kule milima ya Usambara, hukua chini ya miti ya msitu, penye unyevu. Hata lile ua dogo la zambarau ambalo Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, alilipa jina la kisayansi la Saintpaulia mwaka 1893, na ambalo Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara, kwao ni kwenye miamba yenye unyevu ndani ya msitu, si kwenye vumbi kavu la shina la mwembe.

Kwa hiyo ukifika kwa muuza miche, badala ya kuomba mmea wa kivuli, mwambie kwamba una uvuli wa mwembe, mzito na mkavu, au kwamba una kivuli cha ukuta kinachoondoka saa sita mchana. Akikujibu kwamba yote ni mamoja, usibishane naye. Mwulize tu kwa upole mche wenyewe umekaa wapi tangu asubuhi.