Kwa nini Piriton haiutulizi muwasho wa pumu ya ngozi

Wazazi wengi wanaoniletea mtoto mwenye pumu ya ngozi huwa wameshampa Piriton. Mtoto anasinzia kweli, lakini hata usingizini kucha zinakwangua nyuma ya magoti. Dawa si feki. Inazuia histamini, kemikali inayotolewa na mwili wenyewe, na histamini ndiyo inayowasha mbu akikuuma, au yale mabaka ya aleji yanayovimba na kupotea ndani ya saa chache. Kwenye pumu ya ngozi histamini haina kesi kubwa.

Wenye kesi ni saitokini, protini ambazo seli za kinga huzitoa ili kupeana taarifa. Hapa nazihofia zaidi interleukini 4, 13 na 31. Ile ya 31, iliyoelezwa mwaka 2004, hujishika kwenye vipokezi vya mishipa ya fahamu ya ngozi. Panya waliobadilishwa vinasaba ili waitoe kwa wingi walijikuna mpaka manyoya yakanyonyoka. Ile ya 4 na ya 13 hufanya mishipa hiyo ichokozeke upesi, kisha zinapunguza filagrini, protini inayoisaidia ngozi kushika maji na kuzuia vitu vya nje. Ngozi ikikosa kinga hiyo, sabuni na bakteria hupenya. Mtoto akijikuna, seli za ngozi zilizojeruhiwa nazo hutoa saitokini nyingine, TSLP, inayoziamsha seli za kinga upya. Kukuna kunazaa kuwashwa.

Ndiyo maana nakuwa mkali kuhusu mafuta ya mgando: yapakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Krimu ya steroidi nayo inafanya kazi kwa sababu inapunguza utengenezaji wa saitokini nyingi kwa pamoja. (Si ile ya kujichubulia inayouzwa bila jina, hiyo sitaki hata kuisikia.)

Ushahidi mzuri zaidi ni dupilumabu, sindano iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Haigusi histamini kabisa. Inaziba kipokezi kinachotumiwa na interleukini 4 na 13, na wagonjwa wengi muwasho hupungua ndani ya wiki chache. Bei yake, kwa wengi ninaowatibu, haishikiki. Kwa hiyo bado naandika steroidi na mafuta, na Piriton naibakiza kwa wenye mabaka ya aleji.