Pampu ya Sahara haikumfukuza mtu Afrika

Siku hizi mazungumzo yakigusa asili ya binadamu, mtu hukosi kumsikia akisema "pampu ya Sahara" akimaanisha kwamba ukame uliwafukuza watu Afrika, wakafungasha na kwenda kuijaza dunia. Dhana yenyewe haisemi hivyo.

Kwa kifupi, mhimili wa dunia huyumba polepole, na kila baada ya miaka 20,000 na ushei jua la majira ya joto hupiga kwa nguvu zaidi kaskazini mwa ikweta. Mvua za msimu husogea kaskazini, Sahara inaota nyasi, watu na wanyama wanaingia. Jua likipungua nguvu, jangwa linarudi na waliomo wanasogea pembezoni.

Kinachosahaulika daima ni huko kuingia. Katika kipindi cha mwisho cha unyevu, kilichokoma kama miaka 5,500 iliyopita, Ziwa Chad lilipanuka kupita kilomita za mraba 300,000, zaidi ya mara nne ya Ziwa Victoria. Huko Gobero, Niger, ambako leo ni mchanga mtupu, watu walivua sangara kwa vyusa vya mfupa na kuzika wafu wao kando ya ziwa. Hawa hawakuwa wapita njia. Walikuwa kwao, kizazi baada ya kizazi.

Na hata waliosogea hawakujua kwamba wanahama. Ukoo unaosogeza kambi kilomita 10 tu kwa kila kizazi cha miaka 25 utakuwa umefika kilomita 400 baada ya miaka 1,000, na njiani hakuna aliyeaga kwao. Kumwita mtu wa namna hiyo mkimbizi wa tabianchi ni kumvika vazi la karne yetu.

Wala mvua ikifungua njia haimaanishi kwamba watu walipita. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya vinasaba vya wanawake wawili waliozikwa Takarkori, kusini magharibi mwa Libya, miaka 7,000 hivi iliyopita, Sahara ikiwa bado kijani. Nasaba yao ilikuwa ya Afrika Kaskazini, iliyojitenga kwa muda mrefu sana, na ilikuwa na mchanganyiko mdogo mno na watu wa nje. Walikuwa wafugaji, kwa hiyo inaelekea ufugaji ulifika kwao kwa kujifunza kutoka kwa majirani zaidi kuliko kwa wageni kuhamia. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote.

Ukame nao haufukuzi tu. Maji ya Ziwa Turkana yalipokuwa yakishuka, miaka 5,000 hivi iliyopita, ndipo wafugaji wa kwanza walipojitokeza kandokando yake, wakajenga makaburi ya nguzo za mawe pale Lothagam. Mifugo ilichukua takriban miaka 2,000 zaidi kuenea katika nyanda za kusini mwa Kenya.

Kuhusu ule msafara mkubwa wa kutoka Afrika, kama miaka 60,000 iliyopita, mashapo (tope lililotuama chini ya bahari) ya Ghuba ya Aden yanaonyesha kwamba Pembe ya Afrika wakati huo ilikuwa kavu na baridi. Njia ya kijani haikuwapo, na watu walitoka hata hivyo.

Kwa hiyo neno lenyewe tulitumie, ila tuseme kwamba tabianchi ilifungua au ilibana njia. Nani alipita, na alisukumwa na nini, hilo tuiachie mifupa na zana za mahali husika.