Eyam, kijiji kilichojifungia: yanayosemwa na yaliyotokea

Eyam, ambacho wenyeji hukitamka "Im", ni kijiji kidogo cha nyumba za mawe katika vilima vya Derbyshire, Uingereza. Tauni ilikipiga mwaka 1665 na 1666, na tangu hapo wasimulizi hawajaacha kukitilia chumvi kisa chake.

Wengi huamini askari ndio waliokizingira. Sivyo. Wanakijiji wenyewe walikubaliana Juni 1666 kutovuka mpaka wa kijiji, ili wasieneze tauni kwa majirani. Wala uamuzi huo haukufanywa siku ugonjwa ulipoingia: George Viccars, msaidizi wa mshonaji, alikufa Septemba iliyotangulia, baada ya vitambaa, vinavyosadikiwa kubeba viroboto wa tauni, kuletwa kutoka London. Kwa hiyo walioamua kubaki walikwisha kuzika kwa miezi tisa na walijua kinachowangoja. Kwangu, hilo ni zito kuliko hadithi yoyote ya askari.

Sifa zote za uamuzi huo hupewa kasisi wa kijiji, William Mompesson. Lakini yeye alikuwa kijana na mgeni pale. Aliyesikilizwa na wengi ni Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyepoteza kazi kwa kukataa masharti ya kanisa la serikali. Mahasimu hawa wa dini walisimama pamoja. Mompesson alikuwa amewapeleka watoto wake mbali. Mkewe Catherine alikataa kuondoka, akafa Agosti.

Wanakijiji hawakutelekezwa na majirani pia. Chakula kiliachwa mpakani, na bwana mkubwa wa Chatsworth, Earl wa Devonshire, alichangia. Kwenye jiwe la mpaka vitundu bado vinaonekana: humo walitia siki, wakatumbukiza sarafu za malipo ili zisiambukize.

"Kati ya watu 350 walipona 83." Hesabu hii inarudiwa mno. Waliokufa ni takriban 260 kweli, ila kumbukumbu za kodi zinaonyesha kijiji kilikuwa kikubwa zaidi, huenda watu 700 au zaidi. Wengi walipona.

Na usitafute kaburi la halaiki. Kila familia ilizika watu wake karibu na nyumbani. Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita ndani ya siku nane, Agosti 1666, akiwaburuta mmoja mmoja hadi shambani. Yeye hakufa. Makaburi yao yangali pale kilimani, yamezungushiwa ukuta mdogo wa mawe.