IPX7 si kinga ya jasho

Wakimbiaji wengi huamini kwamba vipokea sauti vya masikioni vyenye alama ya IPX7, yaani kiwango cha kustahimili maji, haviharibiwi na jasho. Kipimo hicho hufanywa kwa maji matamu: kifaa huzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Jasho lina chumvi, na chumvi hula chuma.

Mara nyingi kinachoanza kufa si spika, ni vile vidoa vya chuma vya kuchajia. Ukimaliza mbio ukavirudisha kwenye kasha vikiwa na unyevu, umeme hupita penye maji ya chumvi, vidoa huota kutu ya kijani, kisha upande mmoja hukataa kuchaji. Kasha lenyewe huenda halina kinga yoyote ya maji.

Kwa hiyo vifute kwanza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji safi, halafu kwa kikavu, uviache hewani mpaka vikauke kabisa. Vya IPX4 usiviweke chini ya bomba. Vimepimwa kwa maji ya kurushiwa tu. Vile vifuniko laini vya silikoni vivue, uvioshe peke yake kwa sabuni. Na mchele ambao watu hufukia vifaa vilivyolowa ili vikauke, uache jikoni, hauondoi chumvi.